Sahani ya Mgeni

Sanowiec, 19 Desemba

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia "Milele amina" kwa sauti, maana wewe hata barua unaiitikia kama imesimama mlangoni imevua kofia. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Na yule kuku mwekundu aliyegoma kutaga, bado anakula bure au umeshamfanya supu? Nakuomba usibebe makaa mwenyewe kutoka ghalani. Jirani yupo, na mdomo unao, mwite. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu yake nitakueleza.

Sikupiga simu kwa kuwa kwenye simu unaniitikia "ndiyo, ndiyo" kwa mambo ambayo hukuyasikia, halafu kesho yake unaniuliza upya. Hili la leo nataka ulisome umekaa, miwani puani, mara mbili ikibidi. Umeniuliza Mkesha wa Noeli nakuja saa ngapi, na kama nakuja peke yangu kama miaka yote hii. Jibu liko mwisho wa barua. Tafadhali usirukie huko kwanza. Nakujua.

Muhula ulipoanza, Askofu alikiuliza chuo chetu cha Mtakatifu Jacek swali moja tu: je, hiki bado ni chuo cha Kikatoliki, au ni chuo kama vingine, ila kimetundika misalaba? Swali halikutoka hewani. Wanafunzi wanapungua. Wazazi wananung'unika kwamba walituletea watoto wanaosali, nasi tunawarudishia watoto wasiosali. Misa ya asubuhi katika kanisa la chuo tunakuja masista, mimi, na bibi mmoja ambaye nadhani anafuata joto. Ikaundwa kamati chini ya Padre Hieronim, Mkuu wa Chuo, na mimi mwalimu wa Kilatini nikafanywa katibu, maana mwandiko wangu unasomeka na sina mtu wa kuwahi nyumbani.

Tulianza na yaliyo rahisi. Tukapita madarasani kuangalia kama kila ukuta una msalaba, tukauliza nani anafungua kipindi kwa sala na nani anafungua kwa kukohoa. Profesa Gustaw wa falsafa, yule mnene aliyekula pierogi zako zote, zile za viazi, alipotutembelea, akaniambia mbele ya watu, "Tekla, mkimaliza kukagua misalaba mtafuteni na Mkristo. Huyo ndiye hatujamwona siku nyingi." Nilicheka, kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

Usimwone Padre Hieronim mtu mbaya, Mama. Ndiye yule niliyekusimulia, ambaye ujanani, enzi za Wakomunisti, waliushusha msalaba darasani akaurudisha, wakaushusha tena akaurudisha, mpaka wakamvunja mkono. Mkono ule haunyooki hadi leo. Anapoinua hostia altareni unauona unatetemeka. Alituambia kwenye kamati kwamba kama hatuna tofauti na chuo cha serikali cha ng'ambo ya mto, basi tufunge milango, majengo wayafanye hoteli. Alisema watu walipigwa kwa ajili ya kuta hizi, na sisi tunaziuza kwa kunyamaza. Nilimwelewa. Kusema kweli nilikuwa upande wake, na hata sasa sijui kama nimetoka.

Sasa nitalitaja jina ambalo umelipiga marufuku nyumbani mwako. Nisamehe. Ludwik alipata kiharusi mwishoni mwa kiangazi. Sikukwambia, kwa kuwa niliogopa utafurahi, na niliogopa zaidi kwamba tutafurahi wote wawili. Upande wa kulia umekufa. Mtu aliyeongoza kwaya ya chuo kwa vidole viwili na nyusi, leo hawezi kuomba maji.

Unajua anaishi na nani. Dokta Kalina anafundisha teolojia, na miaka sita sasa chuo kizima kinajua kwamba mume wangu yuko kwake, katika nyumba ya chuo, ghorofa ya pili, yenye maua dirishani. Miaka sita walifumba macho. Walikutana nao sokoni wakawauliza bei ya viazi. Kalina ni mwalimu hodari, wanafunzi wanamfuata, na mikutano ya wageni kutoka Roma huandaliwa na yeye, basi ulimi wa kila mtu ukawa mzito. Mimi nilipita korido ileile kila siku, nikimwombea mabaya kwa Kilatini safi. Sikufichi. Nilimchukia mpaka harufu ya sabuni yake niliijua.

Ludwik alipougua, Kalina aliomba apunguziwe vipindi ili amuuguze. Hapo ndipo jambo lililolala likaamka. Mtu wa Askofu kwenye kamati akauliza anamuuguza nani, na huyo ni nani wake. Wote wakanitazama mimi.

Padre Hieronim aliniita ofisini kwake, akanimiminia chai kwa mkono wake mbovu. Akasema anayefundisha teolojia hafundishi kwa jina lake bali kwa jina la Kanisa, kwa ruhusa ya Askofu, na Kalina hawezi kufundisha asubuhi yale anayoyakana jioni. Akaniuliza kama ndoa yangu iliwahi kubatilishwa. Nikasema haikuwahi. Akaniinamia, akasema taratibu, "Basi binti yangu, mbele ya Mungu wewe ndiye mke wa Ludwik. Wewe peke yako, mpaka kifo. Chuo hiki hakiwezi kujifanya hakijui." Mama, nililia palepale. Miaka sita nilikuwa mwanamke aliyeachwa, ninayeonewa huruma kwenye foleni ya mkate, na leo mtu mwenye mamlaka ananirudishia jina langu. Nilitoka pale nimenyoosha mgongo.

Seneti ya chuo ilikaa, ikakubaliana bila kelele. Kalina alinyang'anywa ruhusa, kazi ikaisha, na nyumba ya chuo anatakiwa aiache kabla ya Mwaka Mpya. Gustaw peke yake ndiye aliyeuliza mgonjwa naye anakwenda wapi. Akajibiwa kwamba upendo wa Kikristo hautakosa njia. Niliyaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao kwa mwandiko wangu unaosomeka, na niliporudi nyumbani nikala vizuri.

Juzi ilikuwa karamu ya Noeli ya chuo. Vitambaa vyeupe, majani makavu chini yake, supu nyekundu, samaki wa chumvi, kila kitu kama kwako ila bila ladha. Kwenye meza kuu waliweka sahani tupu ya mgeni. Padre Hieronim aliisemea kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kana kwamba hawakuzaliwa katika nchi hii. Akasema sahani ile ndiyo imani yetu nzima. Atakayebisha hodi usiku wa Mkesha, awe nani, mahali pake ni pale, haulizwi ametoka wapi. Wengine waliguswa. Hata mimi niliguswa.

Hatujaketi, Kalina akaingia. Koti lina theluji mabegani, amekonda, nywele hazijachanwa. Aliangaza macho ukumbini kama anayetafuta mtu, kisha akaenda akakaa kwenye kile kiti kilichokuwa wazi. Mama mmoja wa utawala akamwinamia, akamnong'oneza kwa adabu, "Dokta, samahani, hapo pamewekwa kwa ajili ya mgeni." Kalina akamjibu, naye hakunong'ona, "Mimi hapa ni nani tena, dada yangu, kama si mgeni?"

Ukafika wakati wa kuvunjiana ule mkate mwembamba na kutakiana heri. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba siku hiyo hata mahasimu huvunjiana, na anayemruka mtu amejiruka mwenyewe. Nikawatazama maprofesa wa teolojia, maprofesa wa maadili, wakimzunguka kama watu wanaokwepa dimbwi la maji njiani. Padre Hieronim alinyanyuka, mkate mkononi, akapiga hatua kumwelekea. Mtu wa Askofu alikuwa anamtazama. Nikauona ule mkono usionyooka ukisita, ukarudi, akamgeukia mtu wa Askofu akamvunjia yeye. Wakomunisti waliuvunja mkono huo, na bado hawakuweza kuushusha. Hiki kilichoushusha juzi sijui nikiite nini.

Nikaenda mimi. Usinisifu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuuona uso wake kwa karibu akiwa ameshindwa. Nikamnyooshea mkate, akavunja, na mimi nikavunja wa kwake. Heri sikuwa nayo ya kumtakia. Yeye akasema hakuja kula, alikuja kunitafuta mimi. Kuna nyumba ya wagonjwa imekubali kumpokea Ludwik, mbali, safari ya siku nzima kwa treni, lakini wanataka sahihi ya ndugu. "Mimi si ndugu yake," akasema. "Nimemlisha, nimemgeuza, nimemwosha, lakini sahihi yangu haina maana. Wanataka ya mke. Wanataka yako." Halafu akanishika mkono wa koti. "Ukitia sahihi, nakuomba kitu kimoja. Wewe uwe unaenda kumtazama. Wao hawatajua akisikia kiu. Akisikia kiu huwa anaangalia dirishani."

Nilifuatana naye mpaka kwenye ile nyumba ya maua. Maua yalikuwa yameshafungwa kwenye sanduku. Ludwik alikuwa kitini katikati ya maboksi, blanketi magotini. Aliponiona alifungua mdomo kuniita, na halikutoka jina langu wala la yeyote. Alitoa sauti ya kilio cha ndama. Kalina akaanza kuimba wimbo wa Noeli, polepole, na Ludwik akaupokea. Maneno yote, Mama, beti zote. Asiyeweza kusema maji aliimba habari za Mtoto aliyekosa nafasi nyumbani mwa watu. Kalina akasema hiyo ndiyo njia pekee anayoweza kutamka kitu. Nilikaa juu ya boksi la vitabu, nikajionea aibu hadi kwenye mifupa.

Sasa kaa vizuri, Mama, kama ulikuwa umesimama.

Sikutia sahihi. Nilikumbuka siku ile kanisani kwetu, wewe umevaa kile kitambaa cha bluu, nami nikaapa mbele ya Mungu na watakatifu wote kwamba sitamwacha mpaka kifo. Yeye aliniacha. Mimi sikuapa kwamba sitamwacha ila akiniacha. Basi jana Gustaw alikuja na gari lake, akabeba kitanda mgongoni ghorofa tatu, wala hakutania hata mara moja. Ludwik yuko chumbani kwangu. Na Kalina yuko jikoni kwangu, analala kwenye kochi, kwa kuwa mimi sijui kumgeuza bila kumuumiza, na yeye anajua. Hatujapendana. Asubuhi tumegombania sufuria. Lakini namsikia akiamka kumtazama, na siwezi kumfukuza mtu anayefanya kazi niliyoiapia mimi.

Padre Hieronim alikuja leo, hakuvua koti. Akaniuliza najua nafanya nini. Nikamwambia, "Padre, ulinieleza mwenyewe kwamba mbele ya Mungu mimi ni mke wake. Nimeamini. Nimemchukua mume wangu." Akasema, na huyo mwanamke? Nikasema huyo ndiye ule upendo wa Kikristo ambao hautakosa njia. Njia yake imepita kwangu. Akasema watu watasema ni nyumba ya mume mmoja na wake wawili, na kwamba Januari kamati italazimika kunihoji, maana mwalimu wa chuo hiki hawezi kuwa kikwazo kwa vijana. Alizungumza kwa huzuni, si kwa ubaya. Alipofika mlangoni akamsikia Ludwik akiimba kule ndani. Alimfahamu vizuri enzi za kwaya. Akafanya ishara ya msalaba kwa ule mkono, akashuka ngazi. Hakuingia kumwona.

Januari watanitoa, Mama. Nimekaa ndani ya kamati hiyo na najua inavyopiga kura. Miaka ishirini na mbili nimefundisha pale, na nakipenda chuo kile kuliko wanavyokipenda wao. Inaniuma sana, wala sitaki kujifanya jasiri.

Sasa lile swali lako. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi wa kwangu ni wewe. Gustaw atatuleta siku ya Mkesha, tutafika kabla ya nyota ya kwanza. Tunakuja watatu. Najua ulimkata Ludwik kwa mkasi kwenye picha ya harusi, ukabakiza bega tu karibu na shela langu. Najua ulivyomwita Kalina, na neno hilo nililipenda miaka sita. Sikuombi uwapende. Lakini tangu nizaliwe unaweka mezani sahani ya mgeni, na tangu nizaliwe sijaona mtu akila kwenye sahani hiyo.

Nisalimie jirani na mkewe, na paroko ukimwona, ila usimweleze mpaka nifike. Jifunike vizuri usiku. Na usihangaike na vyombo, Mama. Ukiona huwezi kuongeza sahani kwa ajili ya watu hawa, acha. Tutakula kwa zamu kwenye ile moja ya mgeni, Ludwik kwanza.

Akubusuye mikono,
binti yako,
Tekla