Umeliliwa Ukiwa Hai

Kalama,
Machakos.
18 Januari 1998

Mpendwa ndugu yangu Mumo,

Pokea salamu za huku milimani. Uko mzima? Kile kifua kimepona, ama joto la Mombasa limekimaliza? Sisi tuko, ila hii mvua ya El Niño imetufanya vyura. Najua hata barabara ya huko ilikatika, ndiyo maana nimekusamehe kunyamaza tangu Septemba.

Mjomba Kisilu, yule yule wa kupeleka telegramu na baiskeli ya posta, sasa ni diwani wetu. Ukimwona umwite mheshimiwa. Na ujue bila mimi hangepita. Magari ya wapinzani yalizama kwa matope, na nani alikumbuka ile baiskeli? Ni mimi, mtu wa darasa la saba.

Sasa yanayofuata naandika nikiwa nimeinamisha kichwa.

Si unakumbuka mjomba akitokea na kofia ya posta, watu walianza kulia kabla hajashuka, kwa kuwa telegramu ilikuwa habari ya kifo? Mimi nikaona hicho ni kichekesho. Wakati wa kampeni nikaivaa, nikawa natangulia na baiskeli, yeye anafuata kwa miguu. Nikifika boma la mtu napiga kengele, nakunja uso, nampa karatasi ya kampeni kama telegramu. Anafungua, anakuta picha ya mjomba, tunacheka. Kwa Reuben mwenye duka nilipewa hadi soda.

Kisha nikaingia kwenu.

Mama yako alikuwa anachambua ndengu. Nikapiga kengele, nikamwambia, "Mama mkubwa, kuna telegramu yako." Hakuishika. Kusoma hajui, na wewe hajakusikia miezi yote hiyo. Alianguka juu ya ndengu akiita jina lako. Nikasema ni mchezo, ni kura tu, lakini majirani walikuwa wameshafika na vilio vikanimeza.

Mjomba alipanda kilima akakuta dada yake anamlilia mtoto. Hakunipiga. Heri angenipiga. Alinivua kofia akasema, "Festus, hii nimeivaa miaka yote, na sijawahi kucheka nikiwa nayo." Halafu akakaa kwa matope kando ya mama yako. Kura hakuomba.

Kesho yake alipiga simu kazini kwenu, msimamizi akasema uko, unabeba saruji. Mama yako hataki kusikia. Anasema Kisilu amezoea kuwaambia watu msiba polepole, na sasa anamfanyia yeye hivyo hivyo.

Siku ya sherehe ya ushindi mjomba alimtumia sahani ya kwanza. Ilirudi imefunikwa vile ilienda. Mheshimiwa mzima akaishika, akasimama nyuma ya jikoni peke yake, watu wanaimba jina lake huko nje. Mimi ndiye nilipangiwa kuongoza nyimbo. Nilijificha chooni.

Usijibu kwa barua. Nani atamsomea na aaminike? Mimi na karatasi tena? Kuja mwenyewe, hata kama ni kulala usiku mmoja urudi. Nitakungoja steji ya Machakos na baiskeli. Mizigo nitabeba mimi, na kufika kwenu utatangulia wewe. Kengele nimeing'oa.

Dada yako Nzilani anakusalimu, na nyanya Munyiva anakuombea kila jioni. Mungu akufungulie barabara.

Ni mimi nikupendaye, hata ukija kunichapa,
Festus