Posa Iliyosomwa Kabla ya Kufika

Wazo, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitanguliza heshima hiyo mbele ya jambo lolote, kisha nauliza: goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi ya Mbinga, na je, Mama bado anaificha fimbo yako ili usiteremke shambani peke yako? Mimi mwili ni mzima. Chumba nilichopanga kiko jirani na kiwanda cha saruji, kwa hiyo kila asubuhi huipangusa meza kabla ya kuandika. Leo nimeipangusa mara mbili, kwa kuwa ninayemwandikia ni wewe.

Katika simu ya mwisho uliniuliza ni kazi gani hasa ninayoifanya huku, nami nikajibu kwa mkato usiokuridhisha. Naomba nijibu sasa kwa ukamilifu. Wakati nikisubiri majibu ya maombi yangu ya ajira, asubuhi nafundisha masomo ya ziada, na alasiri naandika blogu pamoja na watu kumi na wawili ambao, kabla ya mwaka huu, sikujua kama wapo duniani. Wanatoka Mbagala, Tandika, Tegeta na hapa Wazo. Kila mmoja huandika habari za mtaa wake kwa simu yake ya mkononi. Wamejikusanya kwa shabaha moja: kumshawishi Mama Lugome achukue fomu ya kugombea urais.

Mama Lugome ni mhandisi wa maji aliyestaafu, anaishi Madale. Visima alivyovisimamia vimetapakaa pembezoni mwa jiji hili. Hajatamka popote kwamba anautaka urais, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Nilijiunga nao, Baba, nikiamini kwamba nakwenda kuwafundisha. Mimi ndiye pekee mwenye shahada kati yao. Mkuu wetu ni Dada Zuhura, fundi cherehani wa Mbagala, na mikutano yetu hufanyika kibandani kwake, tukiwa tumekalia marobota ya vitambaa. Siku ya kwanza nilimkuta na daftari la kaunta ameliweka juu ya cherehani, akimsomea mteja mmoja maneno ambayo mteja huyohuyo alikuwa ameyasema wiki iliyopita.

"Ndivyo ulivyosema?" akamuuliza.

"Ndivyo. Ila hapo pa mjumbe kula hela, toa. Sina ushahidi, nilikuwa na hasira tu."

Zuhura akafuta. Ndipo akachapisha. Hiyo ndiyo kanuni yao: neno la mtu halichapishwi kabla mwenyewe hajasomewa. Nilistaajabu. Nimekaa darasani miaka mitatu nikisoma mambo ya mawasiliano, na sikuwahi kuona uaminifu wa namna ile ukitendwa na mtu mwenye uzi mdomoni.

Ulipofika wakati wa kumwendea Mama Lugome, tulijadiliana namna ya kumwomba. Chilumba, kijana wa kazi za zamu pale kiwandani, akasema, "Huyu ni mama wa watu. Haombwi kwa mabango. Anaposwa." Wote wakacheka, kisha wakaona amesema kweli. Ikaamuliwa iandikwe barua kwa utaratibu wa posa, ifungwe katika kitambaa cheupe ambacho Zuhura angekidarizi pembeni, na Chilumba awe mshenga. Nikakabidhiwa kuitunga.

Baba, niliitunga kwa nguvu zangu zote. Nilianza na "Sisi, wananchi wa Kinondoni na Temeke", nikaendelea kwa aya saba. Nilipomaliza niliipenda mno. Nikajiambia kwamba blogu nyingine isije ikatutangulia kwa habari ile, na Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya mshenga kutumwa, nikaichapisha.

Wewe ambaye umepeleka posa nyingi kuliko mtu yeyote kijijini kwetu, ulikuwa ukisema nyumbani: barua ya posa haisomwi njiani. Maneno hayo nilikuwa nayo. Siku ile niliyasahau.

Jumamosi Zuhura alinipigia simu. "We msomi, umefanya nini? Mwenye mtoto hajaletewa barua, mtaa mzima unaijua!"

Chilumba alikuwa mkali zaidi, ingawa alichanganya na utani. "Braza, mie mshenga wa nini sasa? Nipeleke magazeti ya jana?"

Sikulala vizuri. Nilijua kwamba kama mama yule angeona amefedheheshwa, angefunga mlango, na kazi yote ya watu hawa ingekuwa imeharibiwa na mimi, mwenye shahada. Nilitaka nisiende. Zuhura akakataa: "Utakwenda, tena utakaa mbele."

Leo baada ya ibada tukapanda kilima cha Madale, sisi watatu. Nilitazamia jumba. Nikakuta nyumba ya kawaida, na mwenyewe uani amefunga khanga kiunoni, akirekebisha bomba la bustani. Alinawa, akatukaribisha ukumbini. Chilumba akaweka kitambaa mezani kwa mikono miwili, kama inavyompasa mshenga. Mama Lugome hakukifungua. Alichukua simu yake, akatuonyesha barua yangu.

"Nimeletewa na mjukuu wangu wa Mwanza," alisema. "Mposwa wa mwisho kujua kwamba anaposwa ni mimi. Aliyeandika ni nani?"

Nilisimama. Nikasema kosa ni langu peke yangu, na wenzangu hawakujua.

Akaiweka simu mezani. "Kiswahili chako kimepigwa pasi, mwanangu. Nimeisoma mara tatu. Umesema sisi wananchi, sisi wananchi. Lakini humu ndani simwoni mtu hata mmoja."

Zuhura akafungua daftari lake bila kuombwa, akasoma: "Mzee Saidi, muuza kahawa, Mbagala. Amesema: mwambieni yule mama aliyetuchimbia kisima kwamba pampu yake nzima. Tulioharibika ni sisi, tunagombea ufunguo. Aje atuamue."

Mama Lugome alicheka hata akashika meza. "Kasema hivyo hivyo?"

"Nilimsomea mara mbili, Mama. Akaniambia neno la tatu nilifute, lilikuwa tusi."

Zuhura akasoma jingine, na jingine. Kicheko kikaisha. Mama yule, ambaye inasemekana mawaziri walikuwa wakimwogopa, alivua miwani akaiweka magotini, akasikiliza kwa mikono iliyokunjwa kama mtoto wa shule. Baba, nimeona mahafali na nimeona misafara ya wakubwa. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama daftari lile likisomwa katika ukumbi ule.

Mwishoni alikifungua kitambaa, akaitoa barua yangu na kunirudishia mkononi. Kitambaa akakikunja, akakiweka mapajani.

"Leteni nyingine," alisema. "Yenye watu. Na asije kijana. Aje mtu mzima asiyetafuta kitu chochote kwangu."

Tukiteremka kilima, Chilumba alinipiga bega. "Kitambaa kimebaki, braza. Angekataa, angekirudisha."

Nimerudi chumbani na kuandika upya. Hakuna sentensi yangu ndani yake isipokuwa salamu. Yaliyobaki ni ya wenye maneno yao, na Zuhura atazunguka wiki hii kuwasomea. Nakala nimeiweka ndani ya bahasha hii. Haijachapishwa popote.

Sasa naja kwenye ombi langu, nikiwa nimepiga magoti. Najua husemi jema juu ya siasa. Lakini washenga wa kweli hawawapangii watu ndoa, hubeba maneno yakafika yalivyo, na wewe hujapata kuongeza wala kupunguza neno la mtu. Naomba uje Dar es Salaam uibebe barua hii hadi Madale. Isome kwanza. Usipomwona mtu ndani yake, irudishe, nami nitaanza tena.

Nisalimie Mama, na umwambie fimbo airudishe, utaihitaji safarini. Nisalimie kaka yangu anayetunza kahawa, shangazi aliyeuza mbuzi wake nikapata nauli ya chuo, na katekista wetu anayeniombea. Kwa jirani zetu waulizao kama nimekuwa mtu mkubwa, sema bado najifunza kusoma.

Mwanao mtiifu, anayelisubiri jibu lako bila kulitangaza,

Method