Mgomba Uliochipuka Juu ya Kaburi

Muhonja wangu,

Zipokee salamu zangu kabla hujaketi, na ukishaketi uniambie: kikohozi kimekuacha? Mama anakula? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mzito.

Jina lako nalirudia hata chini ya maji. Nikivaa kofia ya shaba ya kuzamia nauona uso wako kwenye kioo chake, ule wa siku ya harusi, ulipojifanya huoni ninavyokutazama. Bakari wa Mombasa, anayeshika mpira wangu wa hewa, hunitania: "Bwana harusi, ukimaliza kuota vuta kamba tukupandishe, watu tukale." Wote hunicheka, nami nafurahi kuchekwa kwa ajili yako.

Bandari hii ungeipenda. Imezungukwa na milima ya moto. Mmoja hufuka asubuhi kama jiko la mama, na maji hunuka mayai viza. Chini ni majivu matupu, hata mkono wangu siuoni. Humo ndimo zilimolala meli za vita tunazozikata vyuma.

Sasa lile alilonituma mama. Unajua baba alipokosa kurudi kutoka vitani, wazee walizika mgomba badala yake, kama ilivyo desturi yetu. Ila waliuzika na mizizi yake, ukachipuka. Tangu hapo mama amekataa kuitwa mjane. "Mfu hachipui," huwaambia. Hata ndizi za harusi yetu zilitoka pale, akakupa wewe ya kwanza: "Kula, mkamwana. Baba mkwe wako anakulisha."

Jina la meli aliyopanda baba, iliyozama hapa, tuliambiwa na askari mwenzake. Nilipokuwa naondoka mama alinishika shati. "Kamtazame. Labda aliogelea, akaoa hukohuko."

Meli nimeipata, Muhonja. Jina lake nimelisoma kwa vidole. Nikashuka hadi tumboni, walikowekwa askari wetu. Mlango wa chuma umefungwa, na komeo liko upande wa nje. Niligonga kwa nyundo, sijui kwa nini.

Nilimwomba msimamizi tuufungue. "Mle mna makombora," akasema. "Hatugusi." Kesho tunahamia meli nyingine.

Bakari aliponivua kofia aliuliza, "Umeona nini?"

"Mlango."

Hakunitania tena siku hiyo.

Natamani kulaza kichwa mapajani pako, mpenzi, nilie mpaka nichoke. Badala yake nakutwika wewe mzigo huu. Msomee mama polepole, umemshika mkono. Habari ya komeo usimsomee. Mwambie tu kwamba baba yumo melini.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na kaka yako fundi wa Sigalagala. Yeye ana nguvu, mwite siku mama atakapokubali mgomba uondolewe. Ndizi zilizoiva wagawieni majirani. Na mgomba, mwambie kaka yako safari hii aung'oe na mizizi, usichipuke tena.

Mumeo, ambaye hata gizani humo anakuona wewe,
Shiundu