Salamu Katikati ya Hesabu

Jumamosi

Na kwani ni lazima mtu asalimie kila mkono ulio ndani ya chumba?

Leo hesabu nilikuwa nimeishika vizuri, huko nyuma ya duka la Mutua. Kwa blackjack, kadi ndogo ikitoka naongeza moja, kubwa ikitoka natoa moja. Tukiwekeana dau la vikombe vya ndengu, kichwa changu hutulia kama cha pasta kanisani.

Hesabu ikapanda. Kubwa nyingi zilikuwa bado kutoka, na hizo ndizo hunipa ushindi. Nikaweka debe nzima ya ndengu. Ya mbegu za kupanda! Hesabu bado ninayo.

Mutua akianza kugawa, shangazi yake huyo, amekuja kuchukua chumvi. Si angesalimia tu kutoka mlangoni? Wapi! Akazunguka meza, mkono kwa mkono, mpaka kwangu. "Nuvoo, Musyoka? Mguu wa mama ulipona? Na ng'ombe, ilizaa?"

Utamnyamazia shangazi ya mtu? Nikasimama, nikajibu yote, mpaka ya ng'ombe. Mutua anagawa tu.

Nilipokaa, kadi zilikuwa zimepita bila mimi kuziona. Niko na kumi na tano. Nikadhani kubwa zimeisha, nikaitisha moja zaidi. Mfalme. Nimepita ishirini na moja, nimeungua.

Sasa mawingu yamejaa Nunguni yote, na mama anataka kupanda Jumatatu. Sijui nitaanzia wapi kumwambia.

Jioni ameniuliza kama shangazi ya Mutua alimtumia salamu. Nikasema ndiyo, sana. Sijawahi kumletea salamu za bei ghali hivyo.