Samaki wa Célestine

Liège, 16 Januari 2000

Papa,
Salamu. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, baridi tu.
Umeuliza udaktari wangu unatibu nini. Hautibu mtu, ni shahada ya chuo. Ninaifundisha kompyuta kutambua kemikali zenye sumu: ninaipa vipimo vya samaki wazuri na vya wenye sumu, tena na tena, mpaka ijue tofauti yenyewe. Nasikia tangu vita ianze wengine huko wanamwaga dawa ya wadudu mtoni ili wavue haraka. Nitumie samaki wa moshi wa rafiki yako Célestine niwapime. Maabara iko kimya. Kuna siku siongei na mtu.
Binti yako, Katungu

Kisangani, 27 Februari 2000

Mwanangu,
Baridi inakuonea bado? Mguu unauma mvua ikinyesha, donc, yaani kila siku. Samaki wako wamepanda ndege na Sista Marthe wa parokia.
Barabara imefungwa. Dukani vitambaa vimekwisha, iko samaki ya Isangi tu. Célestine analeta kutoka kwao kwa mto, kwa pirogi yake, mimi naonja mumoja wa kila kapu mbele ya wanunuzi, ndipo nauza. Wananiita Papa Ulimi.
Papa yako, Osée

Liège, 2 Aprili

Papa,
Naomba hii ikukute mzima. Kompyuta inasema samaki wote wa Célestine wana sumu. Nimerudia, jibu ni lile lile. Acha kuonja. Usiuze.
Katungu

Kisangani, 30 Aprili

Binti yangu,
Niko muzima, na tumbo pia. Nimetii. Nilimuambia Célestine mbele ya soko zima, kwa sababu soko zima lilikula. Akasema, "Papa Osée, tumekula sahani moja tangu mama ya Katungu afe. Leo unanikataa kwa neno la mashine?" Akarudisha makapu kwenye pirogi. Hakuna anayenunua kwake tena.
Jioni nakula muhogo peke yangu.
Papa yako

Liège, 14 Mei

Papa,
Sijui nianze kwa kuuliza afya ya nani. Nimekosea. Samaki wote niliofundishia kompyuta walikuwa wabichi. Ilikutana na moshi kwa mara ya kwanza, ikauita sumu. Nimewapima upya kwa njia ya zamani: hawana dawa yoyote. Mwambie Célestine kosa ni langu.
Katungu

Kisangani, 2 Juni

Mwanangu,
Barua imefika leo, mguu unaniruhusu. Msamaha hautumwi. Aliyemuaibisha mutu mbele ya watu anaenda mwenyewe. Kesho napanda pirogi kwenda kwake Isangi. Hapa mjini majeshi mawili ya wageni yanaangaliana vibaya.
Papa yako

Liège, 12 Juni

Papa,
Redio imetaja mabomu mtaani kwetu, Tshopo. Haikutaja Isangi. Sijui kama pirogi iliondoka. Andika neno moja.
Katungu

Liège, 9 Julai

Papa,
Kompyuta sasa inajua moshi. Sijapata wa kumwambia.
Katungu

Isangi, 25 Julai

Katungu mwanangu,
Niko, na mguu wangu. Wanasema dari ya nyumba imelala juu ya kitanda changu.
Nilipoomba msamaha, Célestine alininunia. Kisha akaleta samaki, akaonja yeye kwanza mbele ya majirani. "Tumuonjee Papa Ulimi," akasema, "asije akafa kwetu." Walicheka sana. Nilikula.
Usiandike kwamba kosa lako limeniokoa. Wanunuzi wake hawajarudi. Soko likifunguka tutapanda mto pamoja mpaka Kisangani, nionje mbele ya wale wale.
Bon. Hapa nakula na watu. Wewe unakula na nani?
Papa yako