Shangazi wa Safu ya Mbele

Mjukuu wangu Salma,

Assalamu alaikum. Huku Kibokoni sote tu wazima. Bibi yako ametiwa meno mapya, na sasa anacheka hata kwenye taarifa ya habari, mradi yaonekane.

Waniuliza nilidumu vipi miaka yote ile nikizunguka miji kuchekesha watu, ilhali wewe huko Nakuru ulipopanda jukwaani wamekutazama tu, kimya. Basi sikiza. Onyesho langu la kwanza, kwenye ukumbi mmoja Tononoka, nilimsema shangazi yangu Mwanaisha: kwamba hakosi hitima hata ya maiti asiyemjua, na akitoka, buibui limevimba kwa pilau. Watu wakacheka kidogo, kwa haya. Kumbe mwenyewe amekaa safu ya mbele. Akasimama.

"Wewe Abdalla! Mbona husemi ni nani aliyekuwa akinisubiri mlangoni na sufuria?"

Hapo ndipo watu walipocheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi nilimwomba radhi, akanisamehe kwa sahani ya pilau. Lakini nilipofika Malindi nilikisimulia tena kichekesho kile, safari hii mimi mwenyewe nimesimama mlangoni na sufuria yangu, na ukumbi mzima ukacheka. Sufuria ile nimezunguka nayo mpaka Tanga na Unguja.

Kichekesho chako cha mama mwenye nyumba mchoyo nimekisoma mara mbili. Nimemwona yeye, nimeuona mlango wake, hata paka wake nimemwona. Sasa niambie, mjukuu wangu, sufuria yako umeificha wapi?

Babu yako,
Abdalla