Tiki ya Neema

Ijumaa

Leo nimejaza fomu za watoto bila kumpima hata mmoja, na si mimi pekee ninayefanya hivyo. Watoto thelathini na wanane, kila mmoja na fomu yake ya maendeleo, na zote zilitakiwa ofisini leo. Walimu wote wa nasari yetu hapa Kisumu Ndogo huzijaza kutoka kichwani, watoto wakinywa uji.

Saa sita mamake Neema alikuja kuona fomu ya mtoto wake. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kikasimama kwenye "Husikia akiitwa jina". Hapo nilikuwa nimeweka tiki, kama kwa wengine wote.

"Kumbe huku anasikia?" akaniuliza. "Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa, ticha. Nilitaka kumpeleka kliniki Jumatatu. Sasa wacha tu niende kazi."

Nikamwambia sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Alipoondoka, Neema alikuwa ameketi sakafuni akipanga vifuniko vya soda. Nilisimama nyuma yake nikamwita. Nikamwita tena. Mara ya tatu darasa lote liligeuka kunitazama, isipokuwa yeye.